Jeni za kinga ya mwili huhesabiwaje, na kwa nini hesabu ya jirani haikutoshi

Watafiti wa afya wanapofika kijijini kuomba damu, swali linaloulizwa kwanza kwenye mkutano huwa ni hili: mnaipeleka wapi, na mnaitafutia nini? Ni swali la haki. Mara nyingi jibu linalotolewa ni fupi mno: "Ni utafiti wa vinasaba." Watu wanatazamana, wengine wanakubali, wengine wanaondoka.

Katika makala hii tunaeleza aina moja ya utafiti huo kwa kirefu: kuhesabu jeni za kinga ya mwili katika jamii. Tutaona zinahesabiwaje, kompyuta inafanya kazi gani, na kwa nini hesabu hiyo inaweza kumgusa mtoto wako anayepewa dawa kliniki.

Dawa moja, majirani wawili

Tuanze na dawa iitwayo abakaviri. Ni mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na katika nchi zetu hutumika sana kwa watoto. Imesaidia watu wengi. Lakini watu wachache wakiinywa, miili yao huipinga kwa ukali: homa, vipele, kutapika, kuharisha, kikohozi au kukosa pumzi, kwa kawaida ndani ya wiki sita za kwanza. Mtu wa namna hiyo akiacha kisha akairudia, anaweza kufa.

Wanasayansi waligundua kwamba hatari hiyo inaambatana na aina moja ya jeni ya kinga, inayoandikwa HLA-B*57:01. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha karibu wagonjwa 2,000 katika nchi 19. Waliopimwa jeni hiyo kabla ya kuanza dawa, na waliokutwa nayo wakapewa dawa nyingine, hawakupata hata mmoja aliyethibitishwa kwa kipimo kuwa na mzio huo.

Sasa, je, jeni hii ina watu wangapi kwetu? Kwa muda mrefu jibu la vitabuni lilikuwa kwamba kwa Waafrika ni nadra. Lakini angalia sampuli zilizokusanywa kwa ajili ya mradi wa kimataifa wa kuchora ramani ya tofauti za vinasaba. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, jeni hiyo haikuonekana. Kwa Waluhya wa Webuye, Kenya, kiwango chake kilikuwa asilimia 3.3. Kwa Wamasai wa Kinyawa, Kenya hiyo hiyo, kilikuwa asilimia 13.6.

Ukizichanganya namba hizo tatu na kuzigawa, unapata kama asilimia 5 na nusu. Namba hiyo haimfai yeyote kati yao. Kwa Myoruba imezidi, kwa Mmasai imepungua zaidi ya nusu. Ndiyo maana ni lazima kuhesabu kila jamii kivyake.

Tahadhari kabla ya kuendelea. Kama wewe au mtoto wako mnatumia abakaviri na hamna shida, msiache. Hata wenye jeni hiyo si wote wanaodhurika. Ni kama nusu yao. Dalili tulizozitaja zikitokea, nenda kituo cha afya haraka. Na kama daktari ameshaisimamisha dawa hiyo kwa sababu ya mzio, usiirudie kamwe, hata kama vidonge vimebaki nyumbani.

HLA ni nini hasa?

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Karibu kila seli ina kitu kama sinia mlangoni, na juu ya sinia hilo huweka vipande vya vile vilivyomo ndani. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hupita wakikagua. Wakikuta kipande cha virusi au cha kimelea cha malaria, wanaishambulia seli hiyo. Wakikuta vipande vya mwili wenyewe tu, wanapita.

Masinia hayo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ziitwazo HLA. Mwaka 1958 daktari Mfaransa Jean Dausset alieleza alama ya kwanza ya kundi hili, na mwaka 1980 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo pamoja na wenzake wawili.

Jeni za HLA zinatofautiana mno kati ya mtu na mtu. Mpaka sasa zimeshaorodheshwa aina zaidi ya 30,000. Tofauti hiyo ina faida. Kila aina ya sinia hubeba vipande vya namna yake, kwa hiyo ugonjwa mpya ukiingia kijijini, hauwakuti wote wakiwa na ulinzi wa aina moja. Mwaka 1991 watafiti nchini Gambia walionyesha kwamba watoto wenye aina iitwayo HLA-B53 hawakupata malaria kali kwa wingi kama wenzao. Aina hiyo ni ya kawaida Afrika Magharibi na ni nadra Ulaya.

Hesabu rahisi: watu 100, nakala 200

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kwa hiyo ukipima watu 100, unahesabu nakala 200. Mtu mwenye nakala mbili za aina moja anahesabiwa mara mbili, na mwenye nakala moja anahesabiwa mara moja. Ukipata nakala 20 za aina fulani kati ya 200, kiwango chake ni asilimia 10.

Mpaka hapo hata kalamu na daftari vinatosha. Ugumu unaanza tunapotaka kujua jeni zipi zinatembea pamoja.

Jeni za HLA ziko nyingi na zimekaa jirani jirani kwenye kromosomu namba 6. Kwa sababu ya ujirani huo, mzazi humpa mtoto kundi zima kwa mkupuo mmoja, mara chache sana likikatika njiani. Fikiria uzi wa shanga. Baba ana nyuzi mbili, mama ana mbili. Mtoto anapewa uzi mmoja wa baba na mmoja wa mama, jinsi ulivyo.

Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya maabara ni kama kukata nyuzi zote mbili na kumwaga shanga mezani. Unaona kwamba mahali pa kwanza palikuwa na shanga nyekundu na nyeupe, na mahali pa pili buluu na kijani. Lakini je, nyekundu ilikuwa uzi mmoja na buluu, na nyeupe na kijani? Au nyekundu ilikuwa na kijani, na nyeupe na buluu? Damu peke yake haisemi. Kama wazazi wangekuwepo na wakapimwa, ungejua. Lakini mara nyingi watafiti wanapima watu wasio na undugu, wala wazazi wao hawapo.

Hapo ndipo programu ya takwimu inapoingia.

Kompyuta inakisia, inasahihisha, inakisia tena

Tuchukue mfano wa kubuni. Tumepima watu 100 wa kijiji kimoja. Watu 60 hawana utata. Kwa mfano, mtu mwenye nyekundu mbili na buluu mbili ni wazi kwamba nyuzi zake zote ni nyekundu-buluu. Kwa watu hao 60 tunapata nyuzi 120 zenye uhakika:

– nyekundu-buluu 60
– nyeupe-kijani 40
– nyekundu-kijani 20
– nyeupe-buluu hakuna hata mmoja

Watu 40 waliobaki wana rangi zote nne. Kila mmoja wao ama ana nyekundu-buluu na nyeupe-kijani, ama ana nyekundu-kijani na nyeupe-buluu. Tufanyeje?

Mzunguko wa kwanza. Kwa kuwa hatujui, tunagawa nusu kwa nusu: watu 20 njia hii, watu 20 njia ile. Tukijumlisha na zile nyuzi za uhakika tunapata nyekundu-buluu 80, nyeupe-kijani 60, nyekundu-kijani 40, nyeupe-buluu 20.

Mzunguko wa pili. Sasa tunajiuliza: kwa wingi huu wa nyuzi, njia ipi ina uwezekano zaidi? Njia ya kwanza ni 80 mara 60, yaani 4,800. Njia ya pili ni 40 mara 20, yaani 800. Ya kwanza imeizidi ya pili mara sita. Basi kugawa nusu kwa nusu hakukuwa sawa. Tunawagawa upya wale 40: kama 34 njia ya kwanza, kama 6 njia ya pili. Hesabu mpya ya nyuzi inakuwa takriban 94, 74, 26 na 6.

Mzunguko wa tatu. Tunapima tena: 94 mara 74 dhidi ya 26 mara 6. Njia ya kwanza sasa imezidi zaidi ya mara 40. Tunagawa upya: 39 kwa 1.

Tukiendelea hivyo, namba zinatulia zenyewe: nyekundu-buluu 100, nyeupe-kijani 80, nyekundu-kijani 20, nyeupe-buluu sifuri. Kwa asilimia ni 50, 40, 10 na 0. Zikishatulia, programu inasimama na kutoa jibu.

Njia hii ya kukisia, kupima na kusahihisha ilielezwa kwa upana mwaka 1977 na wanatakwimu Arthur Dempster, Nan Laird na Donald Rubin. Mwaka 1995 Laurent Excoffier na Montgomery Slatkin walionyesha jinsi ya kuitumia kwa nyuzi za jeni kama hizi. Leo imo ndani ya programu kama Arlequin, iliyoanzia Uswisi, na PyPop, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Zote mbili hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kwenye kazi halisi aina za shanga si nne, huwa makumi kwa mamia, na mahali pa jeni si pawili bali patano au zaidi. Ndiyo maana daftari halitoshi.

Programu haikatai kujibu

Hili ni jambo la kukumbuka. Ukiipa programu namba mbovu, itakupa jibu lililonyooka vilevile. Kwa hiyo mtafiti makini ana mambo matatu ya kuyaangalia kabla hajaamini.

La kwanza ni mizani ya Hardy na Weinberg. Mwaka 1908 mwanahisabati Mwingereza Godfrey Hardy na daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba jamii kubwa ambayo watu wake wanaoana bila kuchagua jeni ina uwiano unaotabirika. Katika mfano wetu, nyekundu ni asilimia 60 ya shanga za mahali pa kwanza na nyeupe ni 40. Tunatarajia watu 36 wenye nyekundu mbili, 48 wenye mchanganyiko, na 16 wenye nyeupe mbili. Kama maabara imeleta wenye mchanganyiko 20 tu badala ya 48, kuna jambo. Huenda kipimo kilishindwa kuona shanga moja. Au huenda watafiti walichanganya kwenye kapu moja jamii mbili zisizooana, kama wafugaji wa upande huu na wakulima wa upande ule, wakaziita jamii moja.

La pili ni wingi wa watu. Tuseme jeni fulani ina kiwango cha nakala moja kati ya 100. Ukipima watu 30, yaani nakala 60, uwezekano wa kutoiona kabisa ni zaidi ya nusu. Utarudi mjini na kuandika "haipo", kumbe ipo. Ukipima watu 150, uwezekano wa kuikosa unashuka hadi kama asilimia 5. Kwa hiyo "haikuonekana" si sawa na "haipo", na lazima uulize: walipimwa wangapi?

La tatu ni nani waliopimwa. Ukipima ndugu wa ukoo mmoja ukawahesabu kama watu mbalimbali, umehesabu uzi mmoja wa babu mara nyingi. Ukipima waliofika hospitali ya mjini tu, hujui ya kijijini. Na ukiandika "Mtanzania" au "Mkenya" bila kusema ni wa wapi na wa jamii gani, umerudi kwenye ule wastani usiomfaa mtu.

Hesabu hii inakuhusu vipi?

Tumeona upande wa dawa. Wizara ya afya inapoamua kama ipime jeni fulani kabla ya kutoa dawa, inahitaji kujua ni watu wangapi watakaookolewa na kipimo hicho, ukilinganisha na gharama yake. Kama namba ya jamii yako haipo, itatumika ya jamii nyingine.

Upande wa pili ni upandikizaji. Mgonjwa wa figo au mtoto wa selimundu anayehitaji kupandikizwa uloto anatafutiwa mtu ambaye jeni zake za HLA zinalingana na zake. Kwa uloto hasa, zisipolingana, mwili unaweza kuukataa, au uloto mgeni ukaushambulia mwili. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017, na uloto kwa watoto wa selimundu umeshapandikizwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Huduma hizi si za kusikia kwenye redio za Ulaya tu tena.

Madaktari huanza na ndugu wa baba na mama mmoja, na sasa unaweza kujua kwa nini. Baba ana nyuzi mbili, mama ana mbili. Ndugu yako ana nafasi moja kati ya mbili ya kupata uzi ule ule wa baba uliopata wewe, na moja kati ya mbili kwa uzi wa mama. Nusu ya nusu ni robo. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kabisa.

Ndugu wote wakikosa, itabidi kutafuta nje ya familia. Rudi kwenye kijiji chetu cha kubuni. Mwenye uzi wa nyekundu-buluu na uzi wa nyeupe-kijani atapata anayelingana naye kwa watu 40 kati ya 100. Mwenye nyuzi mbili za nyekundu-kijani atampata mmoja tu kati ya 100. Kwenye maisha halisi, ambako aina ni maelfu, inaweza kuwa mmoja kati ya makumi ya maelfu. Orodha kubwa za watu waliojitolea kutoa uloto ziko Ulaya na Marekani, na wengi waliomo wana asili ya Ulaya. Mgonjwa mwenye nyuzi za kwetu akitafutwa humo, mara nyingi hapati. Anayetaka kuanzisha orodha ya kwetu lazima kwanza ajue nyuzi zipi ni za kawaida na zipi ni nadra, ili ajue anahitaji kuandikisha watu wangapi na kutoka wapi.

Wakija kuomba damu

Yote haya hayamaanishi kwamba ni lazima ukubali kila sindano. Utafiti wa afya unaohusisha watu unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya maadili. Tanzania, kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kenya, mtafiti anatakiwa pia kuwa na leseni ya NACOSTI. Una haki ya kuomba uonyeshwe, na una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Haya ni maswali ya kuuliza, na mtafiti wa kweli hatakasirika:

– Mnatafuta jeni gani, na itasaidia nini?
– Mtapima watu wangapi hapa, na mmewachaguaje? Mnajua kwamba mimi na yule pale ni ndugu?
– Mtaniandika kuwa ni mtu wa wapi na wa jamii gani? Nani ameamua hivyo?
– Damu itakaa wapi, kwa miaka mingapi, na nani mwingine ataitumia?
– Jina langu litaonekana?
– Matokeo mtayaleta lini, na kwa lugha gani?

Swali la pili na la tatu watu wengi hawaulizi, wakidhani ni ya wataalamu. Lakini umeona kwamba programu haijui nani ni binamu ya nani, wala ukoo upi ulihamia kutoka wapi na lini. Wewe unajua. Mzee wa kijiji anayesema "hawa watano ni watoto wa babu mmoja" ameisahihisha hesabu mahali ambapo kompyuta isingeweza.

Na matokeo yakiletwa, uliza pia namba moja rahisi: kati ya wangapi? Asilimia 10 ya watu 20 ni watu wawili. Asilimia 10 ya watu 500 ni watu 50. Zinaandikwa sawa, lakini ya pili ndiyo ya kuiamini zaidi unapochagua dawa ya mtoto.